Ua la jani moja: linavyoishi porini na ninavyolilea hapa Dodoma

Wadau wa maua, kuna mmea mmoja kwangu sebuleni ambao kila mgeni akiuona anauliza swali lilelile, "Dada, mbona lina jani moja, mengine umekata?" Hapana, sijakata, ndo lilivyo. Mmea mzima ni jani moja tu, kubwa, lina manyoya laini ya kijivu, halina shina wala tawi, limeinama pembeni ya chungu, na pale jani linapokutana na udongo ndo vinachomoza vikonyo vyenye maua mekundu ya kufifia. Nimeandika hii makala ndefu kwa sababu naona watu wengi hapa mjini wananunua au wanapewa mimea ya ukoo huu, inakufa ndani ya miezi michache, halafu wanasema ni mimea laini, mimea ya kizungu, haifai Dodoma. Kiukweli ni mimea ya Afrika, na tena si laini, ni mimea ya mwamba, imezoea kukaa na njaa na kukaa bila mvua, tatizo ni kwamba tunailea bila kujua kwao ni wapi na wanaishije.

Jina lake la kitaalamu ni Streptocarpus, kwenye magrupu tunaandika streptokapasi. Jamii zake ni zaidi ya 150, zote ziko Afrika, Madagaska na Komoro. Ukoo wake ni uleule wa violeti ya Afrika, lile ua dogo la zambarau linalokaa madirishani Ulaya na Marekani, ambalo kwao ni hapahapa kwetu, Usambara na milima mingine ya mashariki pamoja na kipande cha Kenya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia. Zaidi ya miaka mia moja ikahesabiwa peke yake, mpaka 2015 wataalamu walipoangalia vinasaba wakaona ni streptokapasi kabisa, wakaiunganisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema streptokapasi ni maua ya Afrika Kusini mwambie hata sisi tunayo, tena tunayo ile iliyopendwa kuliko zote duniani.

Sasa ndani ya hili kundi mimea inaishi kwa namna tofauti. Iko yenye shina na majani ya kawaida, iko ya majani mengi yaliyojikusanya chini bila shina, kama Streptocarpus rexii ambayo mkusanyaji wa mimea James Bowie aliikuta Knysna, Afrika Kusini, kwenye ardhi ya George Rex ikapelekwa bustani ya Kew kule London miaka ya 1820. Na iko hii ya jani moja, ambayo kwangu mimi ndo inanifanya nikae nayo hata nusu saa naiangalia tu.

Inakuwaje mmea unakuwa na jani moja maisha yake yote? Chukua maharage kwanza, maana kila mtu alishawahi kuyaotesha shuleni kwenye pamba. Haragwe likiota linatoa vile vipande viwili vinene, shuleni tulifundishwa kotiledoni, yaani majani ya mbegu, katikati yake kinachomoza kichipukizi, hicho kichipukizi ndo kinakuwa shina na majani ya kweli, na vile vipande viwili vikishamaliza chakula vinasinyaa vinadondoka. Streptokapasi ya jani moja inaanza hivohivo, mbegu yake ni ndogo kama vumbi, inaota inatoa vijani viwili vya mbegu vinavyolingana, vidogo kiasi kwamba bila miwani utadhani ni ukungu wa kijani. Lakini katikati ya hivo viwili hakuna kichipukizi. Hakuna kabisa. Vinakaa muda vimelingana, halafu kimoja kinaanza kumpita mwenzie, kinaongezeka, kinaongezeka, na yule mwenzie anabaki palepale mpaka ananyauka anapotea. Yule aliyeshinda haachi tena kukua. Kwa hiyo lile jani kubwa ulilonalo kwenye chungu, hata likiwa refu kuliko mkono wako, ni lilelile jani la mbegu la siku ya kwanza, mmea haujawahi kutengeneza jani lingine (ziko chache zinazoongeza, nitazitaja mbele).

Kuna jambo hapa linanigusa sana. Vile vijani viwili vyote vina uwezo. Ukikiondoa mapema kile kikubwa, kile kidogo kilichokuwa kinaelekea kufa kinachukua nafasi, kinaanza kukua chenyewe. Yaani haikuandikwa tangu mwanzo nani atakuwa jani na nani atakauka.

Na linakua kutokea chini. Hapa wengi hawaelewi na ndo chanzo cha makosa ya kulea, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Majani tuliyozoea yakishakomaa yamemaliza, hayaongezeki tena. Jani la streptokapasi lina sehemu ya kukulia pale chini kabisa linapoungana na kikonyo, linasukuma kutokea hapo siku zote kama ukucha, kwa hiyo ncha ndo sehemu ya zamani kuliko zote, na sehemu changa iko chini karibu na udongo. Hapohapo chini ndo maua yanatokea, kikonyo baada ya kikonyo kwa mpangilio, na mizizi nayo inatoka hapohapo chini yake. Kitu kimoja kinafanya kazi ya jani na ya shina kwa pamoja. Mtaalamu mmoja, Kwiton Jong, aliyeichunguza sana hii mimea miaka ya 1970, akaona hata maneno ya jani na shina hayatoshi, akakiita filomofu. Akifa huyo wa chini, yaani ile sehemu ya kukulia, umepoteza mmea wote hata kama jani bado kijani juu. Akibaki mzima, ncha inaweza kuungua, kukatika, kuliwa na panzi, na mmea ukaendelea na maisha.

Porini sasa. Msiwaze shamba wala udongo mwingi. Waza genge la mwamba ndani ya msitu wa mlimani, kwenye korongo lenye kijito, upande ambao jua haligongi moja kwa moja, mwamba umeota kuvu la kijani lenye unyevu (kile kizulia laini, kwa Kiingereza moss), na hapo kwenye kuvu ndo mbegu ya vumbi imenasa. Mizizi yake ni mifupi, inashika huo unene mdogo wa kuvu na majani yaliyooza, basi. Zingine zinakaa kwenye kingo za mito, zingine kwenye magogo na mashina ya miti. Jani halisimami, linaning'inia limelala juu ya mwamba likielekea chini, na mvua ikinyesha maji yanateremka juu ya jani mpaka kwenye ncha yanadondoka, hayatuami. Iko moja ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Streptocarpus grandis, jani lake moja linaweza kufika karibu mita nzima, fikiria hilo, jani la mbegu la mita moja limebandikwa ukutani kwenye mwamba. Na Streptocarpus wendlandii, ya hukohuko, chini ya jani ni zambarau iliyokolea kabisa wakati juu ni kijani, ukiligeuza unashangaa.

Hapa kwetu za jani moja zipo nyanda za juu kusini, kuna Streptocarpus goetzei na Streptocarpus eylesii, ambazo zinaendelea mpaka Malawi, maana hii mimea inafuata milima haifuati mipaka. Sisi wa kati ukitaka kuwaona ndugu zao kwa urahisi panda treni ya SGR ushuke Morogoro upandishe Uluguru. Mimi nilipita njia ya Morningside na kijana anayeongoza wageni, tukafika sehemu njia imekatwa kwenye ukingo, maji yanachuruzika kwenye udongo na mawe, akaniambia "dada angalia hapo usikanyage", na kweli pale kwenye kivuli palikuwa na streptokapasi ya ile aina yenye shina, maua yake ya zambarau ya bluu, na matunda yake yamejisokota. Nikapiga magoti nikaangalia. Tunda ni jembamba refu, limesokotwa kama kamba, na likikauka linajifungua msokoto wake, nyufa zinaachia, mbegu zinatoka na upepo. Nilichokihisi zaidi pale lakini ni hewa. Baridi, nzito, ina maji ndani yake. Nikaelewa kwa nini wenzetu huku wanalia, maana mtu unaitoa mmea kwenye hewa ile unaileta kwenye upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa uliobeba vumbi lote la Chimwaga.

Ila sio zote zinataka ukungu wa msituni, na hapa ndo nina ushauri kwa watu wa kwetu. Yangu mimi ni Streptocarpus dunnii, nilipewa mche na dada mmoja wa Arusha anayeotesha maua. Hii kwao ni milima ya Mpumalanga, Afrika Kusini, na Eswatini, inakaa katikati ya mawe kwenye nyasi, mahali pa wazi kuliko wenzake wengi, na zile nywele za kijivu kwenye jani zinaisaidia kwenye jua na ukavu. Maua yake ni mekundu ya rangi ya tofali kwa sababu wanaoichavusha ni ndege, wale chozi wenye midomo mirefu iliyopinda. Halafu kule kwao mvua zinakuja karibu miezi ileile kama zetu, zinaanza mwisho wa mwaka zinaisha mwezi wa nne hivi, halafu katikati ya mwaka ni pakavu na baridi. Mtu wa Dodoma anaujua huo mtindo, mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, milimita mia tano na hamsini na kidogo kwa mwaka mzima, mingine yote ni kiangazi.

Sasa ikifika kiangazi mmea unafanya nini? Hapa ndo nataka kila mwenye streptokapasi asome mara mbili. Ncha ya jani inaanza kugeuka kahawia. Unaangalia unaona kahawia inasogea kurudi chini, robo ya jani, theluthi, wakati mwingine nusu. Halafu inasimama. Ukisogeza macho karibu utaona mstari, tena umenyooka kabisa, umekatiza jani kutoka ukingo mpaka ukingo, upande mmoja ni karatasi kavu inayovunjika ukiigusa, upande wa pili ni kijani kizima, kinene, kina afya. Hakuna sehemu ya katikati ya njano njano kama kwenye ugonjwa. Huo mstari mmea umeuweka wenyewe. Umefunga, umeachia ile sehemu ya zamani ife ili ubaki na eneo dogo la kupoteza maji, na sehemu ya kukulia iko salama kule chini inangoja mvua. Mibuyu yetu inaangusha majani yote mwezi wa sita na hakuna mtu anayeshika panga akasema mti umekufa, huu una jani moja, hauwezi kuliangusha lote, basi unaangusha nusu.

Binti anayenisaidia kazi alinifuata mwezi wa saba, "Dada, hili ua limekufa, nitupe?" Nikamwonesha ule mstari, akaugusa na kidole, akasema "kumbe lipo". Tokea siku hiyo yeye ndo mlinzi wake, mgeni akitaka kulimwagia maji anamzuia.

Maana kitu ambacho watu wanafanya wakiona kahawia ni kumwaga maji. Huo wakati mmea umefunga, mizizi ni michache na haifanyi kazi sana, udongo unabaki na maji, sehemu ya kukulia inaoza, na hapo kweli unakufa. Kiangazi mimi naweka maji kidogo sana, udongo ukauke juu na nusu ya chini ndo nalowesha tena, na simwagi juu, naweka kwenye sahani chini nusu saa halafu naitoa. Mbolea hakuna mpaka mvua zirudi. Ile sehemu kavu unaweza kuikata kwa mkasi ukipenda, ila kata upande wa ukavu, acha kipande kidogo cha karatasi, usiuguse mstari.

Na maji yenyewe. Visima vya huku vina chumvi, wote tunaona ule weupe kwenye masufuria na kwenye vyungu. Huu mmea porini unakunywa maji ya mvua yaliyopita kwenye kuvu, hayana chumvi kabisa, ukiulea kwa maji ya kisima miezi na miezi chumvi inajazana kwenye udongo na mizizi midogo ile inaungua. Mimi nakinga mvua ya Januari na Februari kwenye madumu, nayafunika yakae gizani, hiyo ndo akiba ya maua mwaka mzima kwa sababu hayanywi mengi. Yakiisha bora maji ya kunywa ya chupa kuliko ya bomba.

Dirisha nalo lina siri yake. Ukisoma maelekezo ya Ulaya yanakwambia weka dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua linatupita juu kichwani mara mbili, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Kuanzia Machi mpaka Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu, kwa hiyo dirisha la kusini ni kivuli kizuri chenye mwanga. Kuanzia Oktoba mpaka Machi linahamia kusini, na huo ndo wakati wa joto, Novemba hapa inapita nyuzi 30, ukiliacha jani palepale linaungua. Kwa hiyo mmea unahama na jua. Wangu unakaa dirisha la kusini kiangazi chote, Oktoba unahamia upande wa kaskazini, mita moja kutoka kwenye kioo.

Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga, kipana, kifupi, maana mizizi haiendi chini. Udongo wetu mwekundu usiutumie, unashika unakuwa tofali. Nachanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji ya majani iliyochekechwa, na kokoto ndogo zile za chenga, makumbi nayaosha kwanza mara kadhaa kwa sababu nayo yanakuja na chumvi. Halafu jambo ambalo sijaliona likisemwa sana ila linabadilisha kila kitu, chungu usikiweke wima. Kiinamishe kidogo, weka kipande cha tofali chini upande mmoja, jani lielekee upande wa chini lining'inie nje ya ukingo wa rafu. Ndivyo linavyokaa kwenye mwamba. Likilala juu ya meza ncha inagusa maji inaoza, na maji yanakusanyika pale chini kwenye sehemu ya kukulia.

Sasa niseme na lile la uchungu. Nyingi za jani moja, hizo grandis na wendlandii, zinachanua mara moja tu katika maisha yao. Zinakaa mwaka mmoja na nusu, miwili, mitatu, zinajenga jani, halafu zinatoa maua kwa wingi usioamini, zinazaa mbegu, zinakufa. Hakuna ulichokosea. Dunnii na nyingine zina uwezo wa kuendelea, wakati mwingine zinaongeza jani jipya chini, la kwanza likichoka. Ukiwa na ile ya kufa, kazi yako ni kukusanya mbegu. Chavusha ua kwa brashi laini, subiri tunda lijisokote na kuanza kuwa kahawia, likate kabla halijafunguka liweke kwenye bahasha. Kuzipanda, usizifukie, zinahitaji mwanga. Lowesha mchanganyiko wako, nyunyiza juu kama unavyotia chumvi ya mwisho kwenye mboga, funika na plastiki inayopitisha mwanga, weka kivulini penye mwanga, ndani ya wiki mbili tatu utaona ule ukungu wa kijani. Hapo tafuta kioo cha kukuza vitu uangalie vijani viwili viwili, na kila siku chache rudi uangalie nani anampita nani.

Njia ya pili ni jani. Likate vipande kwa kukatiza, kila kipande kichomeke kwenye udongo mwepesi upande wa chini ukiwa chini, na pale mshipa ulipokatwa vinatoka vimche vidogo. Huo uwezo ndo umewapa watu wa Ulaya biashara. William Watson wa Kew alianza kuchanganya dunnii na rexii miaka ya 1880, ndo zikatokea rangi nyekundu na waridi, na miaka ya 1940 taasisi ya John Innes ya Uingereza ikatoa ya zambarau inayoitwa Constant Nymph, ambayo ilienea kila mahali. Zile za dukani zenye majani mengi zinatokana na machanganyo kama hayo, na kwa anayeanza ni rahisi kuliko ya jani moja, sitawadanganya.

Ila naomba jambo moja kwa walioko Njombe, Mbeya, Morogoro, Lushoto, na yeyote anayepanda milima. Ukiikuta hii mimea kwenye mwamba usiing'oe. Jamii nyingi za violeti na streptokapasi zinaishi kwenye mlima mmoja tu duniani, zingine kwenye makorongo machache, na zinakufa hata bila kuguswa, ukikata miti iliyokuwa inaweka kivuli juu ya mwamba kuvu linakauka msimu mmoja na kila kilichokuwa juu yake kinakauka nacho. Na ukiing'oa ukaileta Dodoma kwenye mfuko haifiki wiki. Piga picha ya ua kwa mbele, ya jani lote, ya tunda, ya mwamba wenyewe uonekane unaelekea wapi, andika mwezi na kimo cha mahali kama simu yako inaonesha, nitumie. Mimi nakusanya hizo picha ili tuone angalau hapa nchini za jani moja zinachanua mwezi gani na zinakaa upande gani wa mlima, na mwenye mche wa ziada wa kuotesha nyumbani aseme, tubadilishane vipande vya majani, dunnii yangu ikifungua mwezi wa kumi na mbili nitakuwa na vya kutosha.